Kwa Nini Mcherimoya Huchanua Sana na Kuzaa Kidogo

Mcherimoya wenye afya hutoa mamia ya maua kwa msimu mmoja. Ukiachwa peke yake, mara nyingi huishia na matunda machache, tena yaliyopinda, upande mmoja umenenepa na mwingine umenywea. Mwenye mti huanza kulaumu mbolea, kisha udongo, kisha aliyemuuzia mche. Karibu kila mara lawama hizo si za haki. Mti umefanya kazi yake yote, ila chavua haikufika ilipotakiwa kwa saa iliyotakiwa. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa burashi ndogo ya rangi na kichupa, mradi tu mtu aelewe ua la mti huu linaendaje, na ndiyo sehemu ya makala hii tutakayokaa nayo muda mrefu zaidi.

Kwanza tuujue mti wenyewe. Cherimoya, kwa jina la kisayansi Annona cherimola, ni ndugu wa stafeli na topetope. Mti hufika urefu wa mita 5 hadi 9, una majani mapana yenye manyoya laini upande wa chini, na matawi yanayovunjika kwa urahisi. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba asili yake ni mabonde ya Andes, Ekuador na Peru. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulielekeza kwingine: Amerika ya Kati, hasa Honduras, ndiko tofauti za kinasaba zilikoonekana kuwa nyingi zaidi, na inaelekea watu wa kale ndio walioupeleka mti huo kusini. Leo kilimo kikubwa cha kibiashara kiko pwani ya kusini mwa Hispania, mikoa ya Granada na Málaga, ambako aina iitwayo Fino de Jete ndiyo imeshika mashamba.

Tunda lina umbo la moyo na ngozi ya kijani, ama yenye alama kama za vidole vilivyobonyeza udongo laini, ama nyororo kabisa, ama yenye vinundu. Ndani ni nyama nyeupe, laini, tamu yenye uchachu kidogo, na mbegu nyeusi zinazong'aa. Uzito wa kawaida ni gramu 200 hadi 500, ingawa yapo yanayopita kilo moja. Ladha yake anayeionja mara ya kwanza huiweka kati ya ndizi, nanasi na stroberi.

Hali ya hewa: si mti wa joto kali

Kwa kuwa stafeli na topetope hustawi pwani kwenye joto, watu hudhani ndugu yao naye atastawi huko. Hapana. Cherimoya ni mti wa ukanda wa nusutropiki, na ndani ya tropiki ni mti wa nyanda za juu. Sehemu za Kolombia na Ekuador unakoota wenyewe ziko kati ya mita 1,400 na 2,000 juu ya usawa wa bahari. Unapenda mchana wa joto la wastani na usiku wa baridi. Ukipandwa bondeni kwenye joto la mwaka mzima, utakua, utajaa majani ya kupendeza, na matunda yatakuwa haba.

Baridi nayo ina mpaka wake. Jalidi nyepesi huunguza majani. Mti mchanga huumia joto likishuka hadi kama nyuzi 2 chini ya sifuri, na mti mkubwa huanza kuumia kwenye nyuzi 3 chini ya sifuri. Anayeishi kwenye joto na bado anataka ladha hii ana njia nyingine: atemoya, chotara wa cherimoya na topetope. Chotara huyo alizalishwa kwa makusudi huko Florida mwaka 1908 na mtaalamu wa mimea P. J. Wester, na huvumilia joto zaidi ya mzazi wake wa milimani.

Ua lenye zamu mbili

Chukua ua moja mkononi. Linaning'inia peke yake au pamoja na mengine mawili kwenye tawi. Lina petali tatu nene, ndefu kiasi cha sentimita 2.5, rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, zenye manyoya mafupi kwa nje. Ndani ni za rangi ya krimu na doa la zambarau kwenye kitako. Ukizitenganisha petali hizo utakuta kijikoni, yaani koni ndogo iliyosimama katikati ya ua. Sehemu ya juu ya kijikoni ni nyeupe na inang'aa kwa unyevu: hiyo ndiyo sehemu ya kike, inayopokea chavua. Chini yake, kukizunguka kitako, vimepangwa vifuko vingi vidogo vya chavua vilivyobanana. Hiyo ndiyo sehemu ya kiume.

Kwa hiyo kila ua lina jinsia zote mbili. Tatizo ni kwamba jinsia hizo hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Ua huanza zamu ya kike. Siku ya kwanza petali huachana kidogo tu kwenye ncha, na kijikoni kiko tayari kupokea. Hali hiyo huendelea usiku kucha hadi mchana wa siku ya pili. Kisha, kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo ya pili, petali hufunguka wazi kabisa, vifuko huachia chavua, na ua limeingia zamu ya kiume. Wakati huo sehemu ya kike imeshaanza kukauka. Ua limetoa chavua likiwa limeshachelewa kuitumia lenyewe.

Mtu angesema basi chavua ya ua hili ilihudumie lile. Lakini maua ya mti mmoja huelekea kwenda pamoja, mengi yakiwa ya kike kwa saa zilezile na mengi yakigeuka ya kiume kwa jioni ileile. Dirisha la kukutana ni jembamba. Nyuki hawasaidii sana, kwa sababu ua likiwa la kike uwazi kati ya petali ni mdogo mno kwao kupenya. Wanaoweza kuingia ni mbawakawa wadogo sana wa familia ya Nitidulidae, wale wanaovutwa na harufu ya matunda yaliyoiva na kuoza, na sehemu nyingi unakopandwa mti huu hawapo kwa wingi wa kutosha.

Sasa umbo lililopinda linaeleweka. Kile kijikoni si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa vyumba vidogo mia moja au zaidi, kila kimoja na kiini chake cha mbegu. Kila chumba kinahitaji chavua yake. Vilivyopata huvimba na kuungana kuwa nyama ya tunda, visivyopata hubaki vilivyo. Chavua ikigusa upande mmoja tu, tunda hujaa upande huo. Ikigusa vyumba vichache mno, tunda hudondoka likiwa dogo kama pilipili manga. Tunda lililopinda halina ugonjwa, na linalika vizuri kabisa.

Hali ya hewa nayo huingilia. Hewa kavu hukausha sehemu ya kike kabla ya wakati, na joto linalopita nyuzi 30 huidhoofisha chavua. Siku zenye joto la nyuzi 20 hadi 25 na unyevu mwingi hewani ndizo zinazoshikisha matunda vizuri. Ndiyo maana kumwagilia ardhi chini ya mti na kurushia majani maji asubuhi ya siku kavu husaidia wakati wa maua.

Kuchavusha kwa mkono

Unahitaji burashi ndogo yenye manyoya laini, ya kuchorea picha, na kichupa chenye mdomo mpana. Kazi ina nusu mbili: jioni ya kukusanya na asubuhi ya kupaka.

Jioni, kuanzia saa kumi, tafuta maua yaliyofunguka wazi. Kinga kichupa chini ya ua, kisha sugua kitako cha kijikoni kwa burashi. Vitadondoka vifuko vyenyewe pamoja na unga wa rangi ya krimu. Vichukue vyote, hakuna haja ya kuchambua. Vifuko vikiwa bado vimebanana na havitoi unga, umewahi. Rudi baada ya saa moja. Vikiwa vya kahawia na vimekauka, umechelewa kwa siku nzima, na chavua hiyo haifai.

Kama jioni hiyohiyo yapo maua mengine yaliyo katika zamu ya kike, yapake palepale, kwani chavua mbichi ndiyo yenye nguvu zaidi. Iliyobaki iweke kwenye friji, sehemu ya kawaida na si ya kugandishia, kichupa kikiwa kimefunikwa kwa karatasi. Usikifunge kwa kifuniko cha kubana: unyevu wa vifuko utageuka matone ndani ya kichupa, na asubuhi utakuta chavua imekuwa tope. Itumie asubuhi hiyo. Baada ya siku moja nguvu yake hushuka haraka.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tafuta maua ambayo petali zimeachana kidogo tu. Ua lililofumba kabisa na gumu ukilibonyeza bado ni changa. Lililo tayari hulegea kwenye ncha. Shika kwa vidole viwili, fungua petali taratibu, ingiza burashi iliyobeba chavua na uizungushe kukizunguka kijikoni chote, juu hadi chini. Mzunguko huo ndio siri ya tunda lililonyooka. Ukigusa mara moja na kuondoka, umetengeneza tunda la upande mmoja. Wengi huvunja petali moja ili waone vizuri na pia iwe alama ya ua lililokwisha kupakwa. Ni utaratibu mzuri, kwani bila alama utarudia maua yaleyale na kuyaacha mengine.

Rudia kila baada ya siku mbili au tatu msimu wote wa maua. Ua lililoshindikana hukauka na kuanguka ndani ya siku chache. Lililoshika hubaki na kikonyo cha kijani ambacho baada ya wiki moja au mbili huanza kunenepa.

Chagua maua. Yaliyo ndani ya mti, kwenye matawi manene na kivulini, ndiyo ya kupaka kwanza. Tunda lililoshika kwenye ncha ya tawi jembamba litalivunja tawi au litaunguzwa na jua. Ukishafanikiwa, kishawishi ni kupaka kila ua linaloonekana, na hapo matunda huwa mengi na madogo, na mti huchoka. Mti wa miaka minne tusingeuachia matunda yanayozidi kumi na tano.

Chipukizi lililofichwa chini ya jani

Jambo lingine linalowachanganya wakulima ni kuona tawi limekaa miezi bila kuchipua. Kwa mcherimoya, chipukizi jipya hujificha ndani ya kitako cha kikonyo cha jani, ambacho kina tundu na hulifunika kabisa. Jani likiwa bado limeshikilia, chipukizi halina pa kutokea. Kwa kawaida mti hupukutisha majani mengi mwishoni mwa msimu wa baridi, hukaa mtupu kwa muda mfupi, kisha hutoa majani mapya na maua pamoja. Kusiko na baridi ya kutosha majani hayapukutiki yote. Dawa ni kuyaondoa kwa mkono au kukata jani kwa mkasi kwenye tawi unalotaka lichipue. Chipukizi na mara nyingi maua hufuata. Wengine hutumia mbinu hii makusudi kuusogeza msimu wa maua ufike wakati wenye hewa nzuri ya kuchavusha.

Kwa hiyo usihamaki ukiona majani yanakuwa manjano na kuanguka kipindi hicho, na zaidi ya yote usiuongezee maji. Mti uliopumzika kwenye udongo baridi na uliolowa ndio unaopata ugonjwa wa kuoza mizizi.

Mche, udongo na mbolea

Mbegu huota kwa urahisi. Loweka siku nzima, fukia sentimita 2 hadi 2.5, weka mahali pa joto, na subiri wiki tatu hadi sita. Tumia mfuko mrefu, sentimita 25 au zaidi, kwa kuwa mzizi mkuu hushuka chini haraka na ukijikunja kwenye mfuko mfupi mti hubaki dhaifu maisha yake yote. Lakini mti wa mbegu haufanani na mama yake. Utasubiri miaka minne, mitano au zaidi, na tunda linaweza kuwa dogo na lililojaa mbegu. Kwa anayetaka tunda la kuaminika, mche uliobebeshwa ni bora: kikonyo, yaani kipande cha tawi, cha aina inayojulikana hubebeshwa (huunganishwa) kwenye mche wa mbegu wenye unene wa penseli, mwishoni mwa kipindi cha mapumziko, kabla majani mapya hayajatoka. Huo huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu.

Udongo uwe unaopitisha maji, wenye pH ya 6.5 hadi 7.6. Njia rahisi ya kupima ni kuchimba shimo la sentimita 60, kulijaza maji, na kurudi kesho yake. Maji yakiwa bado yapo, usipande hapo chini. Inua kilima cha sentimita 40 na upande juu yake. Acha mita 6 au zaidi kati ya miti, mahali palipokingwa na upepo. Pale kikonyo kilipoungana na shina pabaki juu ya udongo. Tandaza matandazo, lakini yasiguse shina.

Kwenye mbolea, hesabu nitrojeni na si uzito wa mfuko. Mwaka wa kwanza gramu 30 za nitrojeni zinatosha, kisha ongeza gramu 30 kila mwaka hadi mwaka wa tano, ubaki kwenye gramu 150. Ukitumia NPK ya 17-17-17, ambayo asilimia 17 yake ni nitrojeni, gramu 30 za nitrojeni ni kama gramu 175 za mbolea kwa mwaka, zikigawanywa mara tatu au nne, na dozi ya kwanza itolewe karibu na mwisho wa mapumziko. Nitrojeni ikizidi hupatikana msitu wa majani. Kingo za majani zikigeuka kahawia, fikiria kwanza maji: ama ni machache, ama chumvi imejikusanya kwenye udongo. Maji mengi ya mara moja kila baada ya wiki mbili, yanayoshuka chini na kuisukuma chumvi, ni bora kuliko kunyunyiza kidogo kila siku.

Pogoa mti ukiwa umepumzika. Mwanzoni chagua matawi makuu mawili yanayotoka kwenye shina kwa pembe pana, yafupishe hadi sentimita 60 hivi, na miaka inayofuata kata theluthi mbili za ukuaji wa mwaka uliopita ukiacha macho sita au saba mazuri. Inaonekana ni ukatili. Lakini mti huu huchanua kwenye machipukizi mapya, mbao zake ni laini, na mti mrefu hauchavushiki bila ngazi.

Wadudu si wengi. Vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, hujikusanya kwenye mikunjo ya tunda, nao hulindwa na sisimizi wanaowafuata kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Funga shina kwa utepe, upake gundi ya kunasa juu ya utepe huo na si kwenye gome, na kata matawi yanayogusa ardhi. Sisimizi wakikosa njia, maadui wa asili wa vidung'ata hufanya kazi yao. Kwenye nzi wa matunda, vika matunda mifuko ya karatasi yangali machanga.

Kuvuna na kula

Tunda huchukua miezi mitano hadi minane tangu kuchavushwa. Halingoji kuivia mtini. Likiachwa hupasuka na kuoza. Dalili ya kuvuna ni rangi: kijani kibichi hupauka na kuelekea manjano, na ngozi hulainika. Kata kwa mkasi ukiacha kipande kifupi cha kikonyo, usivute. Liweke mahali penye joto la kawaida la nyumba kwa siku tatu hadi tano, hadi libonyee kidogo chini ya kidole. Kosa kubwa hapa ni kuliweka kwenye friji likiwa gumu: chini ya nyuzi 8 hivi ngozi huwa nyeusi na nyama haiivi tena sawasawa. Likishaiva ndipo friji hulitunza kwa siku chache, na hapo ngozi kugeuka kahawia si tatizo.

Kula tunda likiwa baridi, limekatwa katikati, kwa kijiko. Ngozi hailiwi, na mbegu hazitafunwi. Mbegu nzima ikimezwa kwa bahati mbaya hupita ilivyo, lakini iliyosagwa ni sumu, na unga wake ukiingia machoni huleta madhara makubwa. Kwa hiyo ukitengeneza juisi, toa mbegu zote kwa mkono kabla ya kuwasha blenda. Majani pia si ya kuchemshia chai. Tafiti zilizofanyika kisiwani Guadeloupe, zikianza kuchapishwa mwaka 1999, zilihusisha ulaji mwingi wa muda mrefu wa stafeli na jamii yake, pamoja na chai za majani yake, na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Kula cherimoya kama tunda la msimu ni jambo tofauti na kunywa chai yake kila siku kama dawa.

Gramu 100 za nyama zina kilokalori 75 hivi, nyuzinyuzi gramu 3, na kiasi kizuri cha vitamini C na B6. Usipike, kwani moto huua harufu yote. Mavuno yakija kwa pamoja, toa mbegu, ponda nyama kwa uma, changanya na maji ya limau au chungwa ili isigeuke kahawia, na uigandishe kwenye vyombo vidogo. Itoe robo saa kabla ya kuila, ikiwa imelegea kiasi cha kuchoteka kwa kijiko.